Hori la Fundi Vitanda

Mume wangu ni fundi vitanda, na mtu akishakuwa fundi vitanda, kila anachokigusa huota miguu minne. Hata banda la kuku alilijengea ubao wa kuegemea. Kwa hiyo safari hii nilimwomba kwa lugha nyepesi kabisa: "Baba watoto, chukua lile pipa bovu la plastiki, lipasue katikati, liinue juu ya magogo, ng'ombe ale. Basi."

Ng'ombe mwenyewe nilipewa na mama mkwe, mbele ya watu, kisha kila tukionana ananiuliza, "Ng'ombe wangu hajambo?" Sasa alikuwa akila chini, majani anayakanyaga, anayachanganya na mavi, halafu anayasusa. Mbavu zikaanza kuonekana. Mama mkwe akapata habari, maana habari za kwangu humfikia kabla yangu mimi, akatuma salamu: Jumamosi anakuja, na akimkuta amekonda anaondoka naye. Katika nyumba ile sikuwa na kingine cha kuita changu.

"Usiwe na wasiwasi," mume wangu akasema. Hapo ndipo wasiwasi ulinishika.

Wiki nzima akapima, akapiga randa, akapiga msasa. Pipa hakuligusa, eti plastiki haina heshima. Ijumaa asubuhi akaleta hori la mbao la kulishia ng'ombe, wamelibeba na jirani. Lilikuwa zuri, sikatai: pembe za mviringo, upana wa kulala mtu na mkewe, kimo cha kitanda. Nikamuuliza mbona fupi. Akasema mkono wake umeshazoea kimo hicho.

Tukamwaga majani. Ng'ombe akanusa, akaingia kwa miguu ya mbele, kisha ya nyuma, akakunja magoti, akalala juu ya chakula chake.

Mume wangu akainama kukagua miguu ya hori. "Limembeba vizuri," akasema.

Nilichoka, jamani. Nikachukua msumeno wake, ule ambao hakuna ruhusa kuugusa, nikalipasua pipa kwa urefu. Nikalipandisha juu ya magogo, nikapigilia boriti mbele yake ng'ombe asipande. Lilikuwa baya, tena linayumba. Lakini ng'ombe alipitisha kichwa, akala mpaka akalilamba pipa tupu.

Kesho yake mama mkwe akaingia na kamba mpya begani. Akamkuta ng'ombe kichwa kimo ndani ya pipa, anatafuna. Akamgeukia mume wangu. "Umefanya kazi, mwanangu."

Nilijua atazipokea tu sifa hizo.

"Si mimi, mama," akasema. "Ni mkweo. Mimi nilitengeneza kile." Akaonyesha kwa kidevu lile hori lake, kuku wamelijaa.

Mama mkwe hakucheka. Akalisukuma pipa kwa kidole, likayumba. Akaishusha ile kamba aliyokuja nayo, akainama kwa tabu, mgongo unamuuma, akaanza kulifunga pipa kwenye magogo, akizungusha na kukaza mpaka kamba yote ikaisha.

"Na huu ukingo umekatwa na nani, panya?" akaniambia bila kuinuka. "Ng'ombe wako akichanika ulimi usije kunililia."

Nikaenda karakana kuchukua msasa.