Chai kwa Shangazi Kalolaine

Ungemuuliza mtu yeyote katika mji ule wa mizabibu kando ya Mto Murray, huko Australia, ni nani anayewajua watoto wa Kitonga, wale wenye asili ya visiwa vya Tonga, pale shuleni, angekuambia ni Lupe, msaidizi wa darasa la pili. Aliwajua wao, mama zao, na nani kagombana na nani kwenye kwaya. Hata mwenyewe alikuwa akijisifia. Lakini kujua kwingi nako kuna balaa lake, na hii ndiyo habari ya balaa hilo.

Asubuhi moja ya joto, wakati wa hadithi, watoto wote waliketi kwenye zulia isipokuwa Saia, mtoto wa Feleti. Yeye alipiga magoti.

"Kaa kitako, mzee," Lupe akamtania kwa Kitonga. "Au umeshapewa ushemasi hatukualikwa?"

Wenzake wakacheka. Saia hakucheka, naye ni mtoto ambaye hata mazishini lazima umfinye ndiyo anyamaze. Alipoinama kuchukua kitabu, kaptula ikapanda. Nyuma ya mapaja kulikuwa na michirizi myembamba, mingine mibichi, mingine imeshageuka manjano. Lupe hakuhitaji kuambiwa. Fagio la chelewa alilijua, naye lilimlea.

"Umepatwa na nini, baba?"

"Nilianguka, mwalimu."

Sasa hapo kazi ilikuwa moja tu. Kila mwaka shule ikifunguliwa, Bi Brennan, naibu mkuu aliyepewa jukumu la usalama wa watoto, aliwaketisha wafanyakazi wote akawaambia yaleyale: ukiona alama, au hata ukiwa na shaka tu, niambie siku hiyohiyo. Usichunguze mwenyewe. Usiende kwa jamaa zake. Lupe aliyajua maneno hayo kama anavyoijua Sala ya Bwana.

Akayajua, akayaacha. Jamani! Aliwaza: Bi Brennan atapiga simu, watakuja watu wenye vitambulisho vifuani, watamchukua mtoto. Watampeleka wapi? Kwa wazungu wasiojua hata kulitamka jina lake, na mwaka hautaisha atakuwa hawezi kuzungumza na bibi yake. Na kanisani watasema ni Lupe aliyewauza.

Isitoshe, kwetu kuna dawa ya jambo kama hili. Kwa Mtonga, shangazi ndiye mkubwa wa watoto wa kaka yake. Akisema neno, baba huinamisha kichwa, wala hathubutu kuuliza kwa nini. Feleti alikuwa mtu wa kava, kile kinywaji chetu cha mizizi kinacholewesha, na wa sauti nene, na Lupe alishamhukumu kabla ya kengele ya mapumziko. Nani mwingine angempiga mtoto? Basi jioni, baada ya mazoezi ya kwaya, akaenda zake kwa dada yake Feleti, Kalolaine, mwanamke ambaye hata mchungaji humwamkia kwa tahadhari.

Kalolaine alimpokea kwa chai na lu, nyama ya kopo iliyopikwa kwa tui ndani ya majani ya magimbi. Saia alikuwepo, maana wazazi wake huwa shambani kuvuna zabibu, na shangazi ndiye hukaa naye hadi warudi. Alikuwa jikoni anasuuza vikombe.

Lupe akashusha sauti. "Dada, nimeona alama kwenye miguu ya mtoto. Mbaya."

Kalolaine akaweka kikombe chini. "Kakwambia nani kamfanya hivyo?"

"Hajasema kitu. Lakini mimi na wewe tunamjua Feleti akishakunywa."

Machozi yakamtoka Kalolaine, akajifuta kwa upindo wa gauni. "Kaka yangu! Ananitia aibu. Umemwambia mtu pale shuleni?"

"Sijasema. Nimeona nianze kwako."

"Mungu akubariki. Wazungu wangemchukua, tusingemwona tena." Akamshika mkono. "Niachie mimi. Kuanzia leo mtoto atalala hapahapa kwangu. Feleti hatafungua mdomo."

Lupe akarudi nyumbani moyo mweupe. Amemwokoa mtoto, hakuna aliyeaibika, na chai kanywa. Akina sisi tukishafanya ujinga, ndipo tunapolala usingizi mtamu.

Siku chache baadaye Feleti alimngoja getini, kofia mkononi, matope ya shambani bado kwenye viatu.

"Mwalimu, dada yangu kamchukua mwanangu. Nimekosa nini? Mimi siwezi kumuuliza, unajua mwenyewe mila zetu. Wewe je, umesikia lolote?"

"Iulize nafsi yako, Feleti," Lupe akamjibu, akampita.

Yule bwana akabaki pale ameinama. Sauti yake nene sijui ilikuwa imekwenda wapi.

Saia akawa anakuja shuleni na shati lililopigwa pasi, nywele zimechanwa. Mwalimu wa darasa akasema, "Afadhali, siku hizi ametulia." Ametulia! Mtoto aliyekuwa akiimba hadi chooni sasa haombi hata ruhusa ya kwenda huko chooni. Lupe aliona, akajiambia atazoea. Hadi siku ile alipomwona anashika penseli kwa mkono wa kushoto, na wa kulia kaulaza mapajani, kifundo kimevimba.

Akachuchumaa mbele yake. "Saia, baba alikuja kwa shangazi?"

"Baba haji. Haruhusiwi."

"Basi nani kakuumiza?"

Mtoto akamtazama kama mtu anayeulizwa swali la mzaha.

"Shangazi."

"Na ile mara ya kwanza? Si baba?"

"Baba hajanipiga hata siku moja." Akasita. "Ulivyokuja, mimi nilidhani umekuja kunichukua. Nikaenda kutafuta viatu vyangu. Nikarudi, nikakuta unakunywa chai naye."

Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini huyu alikuja na meno yake yote. Lupe alisimama akaenda moja kwa moja ofisini kwa Bi Brennan, akasema yote bila kujitetea, hata ya chai.

"Uliona alama lini?" Bi Brennan akauliza.

Akamwambia. Bi Brennan hakumgombeza. Alifumba macho kidogo, kisha akainua simu. Bora angemtukana.

Mchana ule akaja ofisa wa ustawi wa watoto, kijana mpole aliyevaa viatu vya raba. Feleti aliitwa kutoka shambani, akakaa kwenye benchi la nje, uso ndani ya viganja. Lupe alipita mbele yake akasema, "Nisamehe, kaka." Feleti hakuinua uso.

Ndani, ofisa akamweleza Saia kwamba hana kosa lolote, na kwamba anaweza kuchagua mtu mzima mmoja wa hapa shuleni akae karibu naye wakati wa mazungumzo. Lupe alikuwa mlangoni. Alishapiga hatua. Nani mwingine angekuwa? Kiingereza cha yule mtoto bado cha kuungaunga, yanayomuuma moyoni huyasema kwa Kitonga, na Mtonga pale ofisini alikuwa mmoja tu.

Saia akamnyooshea kidole Bi Brennan, ambaye hajawahi hata kusemezana naye.

"Una hakika?" ofisa akauliza. "Mwalimu Lupe anaweza kukusaidia lugha."

"Nitajaribu Kiingereza," Saia akasema. "Namtaka huyu. Huyu hamjui shangazi."

Bi Brennan akasogeza kiti karibu na mtoto. Kisha, kwa upole kabisa, akamwomba Lupe atoke na aufunge mlango.