Kijiko Ndani ya Kikombe

…saba, nimeandika saba kama kila mwezi, maumivu ya mgongo saba kwa kumi, daktari hapendi namba mpya, na chini ya fomu wanauliza kwa nini unatumia bangi ya dawa, weka alama panapohusika, maumivu, usingizi, hofu, huzuni, viboksi vinne kwa fundi wa paa mzima wa miaka hamsini na nane aliyeanguka pamoja na… hapana, hatukuanguka pamoja, Habbo, mwenzangu wa kazi, alitangulia, mimi nilianguka nikijaribu kumdaka, ila mgongo umetulia tangu Pasaka, mbili, labda tatu mvua ikinyesha, na bado kila asubuhi navuta mvuke wa hiyo bangi, si kwa ajili ya mgongo, ni ili nisimwone Habbo na kile kijiko… "Tamme, mbona umeganda? Andika bwana, tutaitwa sasa hivi," mke wangu Gesche, mkoba magotini, "naandika," nasema, siandiki, kwetu chai ni vikombe vitatu, hata mtoto anajua, ukitia kijiko kikombeni umesema basi, usimiminiwe tena, na Habbo asubuhi ile alikitia baada ya kikombe kimoja, miaka ishirini na mbili nanywa naye chai hajawahi, nami nikamtania, "we vipi, mkeo kakupiga marufuku chai?" akacheka, akapanda ngazi, hakushuka hai, wote wakasema aliteleza, nami nikasema aliteleza, na paa lilikuwa kavu, Mungu wangu, kavu kabisa… dawa ilikuwa ikinifungia mlango wa asubuhi ile, sasa wiki ya tatu hainifungii, naongeza kipimo na mlango uko wazi tu, naogopa, nikisema watanipokonya, nisiposema… "Asubuhi hukunywa," anasema Gesche polepole, haniangalii, "nini?" "Chai. Kikombe kimoja tu, ukatia kijiko," mimi? saa ngapi, kwa mkono upi, naiona meza, kijiko kimesimama kikombeni mwangu, na chini ya meza viatu vya kazi, miaka miwili sijavivaa, na hivi hapa miguuni, nimevifunga kamba vizuri kabisa, nilikuwa nakwenda wapi… Gesche hatanii kama nilivyotania mimi, ameshika mkono wa koti langu, ameushika tangu nyumbani wala sikujua, muuguzi anaita jina, si letu, bado, nafuta saba, naandika mbili, kalamu inashuka hadi hofu, hadi huzuni, naweka alama zote mbili, "Gesche," nasema, "ingia na mimi ndani," naye, "ningeingia hata ungekataa."