Muthokoi wa Kwenda Tanganyika

Magunia manane yalikuwa yamepangwa ukutani mwa kanisa la mabati la Ngoliba, na Mwongeli alikuwa ameketi juu ya moja kama mwenye shamba. Alikuwa na haki ya kuketi hapo. Yeye na wanawake kumi na wawili walikuwa wametwanga mahindi wiki tatu, mikono ikatoka malengelenge, mpaka maganda yakaisha ukabaki muthokoi mweupe kama meno ya mtoto. Huo, pamoja na maharagwe, ndio uliokuwa uende Tanganyika, upande wa Ugogo, ambako mvua ilikuwa imewanyima watu miaka miwili. Barua ya mchungaji wa huko ilisema watu wanachimba mizizi.

Safari ilikuwa iwe Alhamisi inayofuata. Salehe, mwenye duka Thika mjini, alikuwa ametoa lori lake bure ingawa yeye ni Mwislamu. Alisema babu yake alitoka huko huko Tanganyika kwa miguu, basi na yeye anadaiwa kurudi kwa magurudumu. Watakaokwenda ni Mchungaji Muthoka, wanaume watatu wa kubeba, na Mwongeli wa kupika. Karatasi zilikuwa tayari. Siku hizo za Hali ya Hatari hata kuvuka daraja kulitaka karatasi, na Mchungaji alikuwa amekaa kwenye benchi la ofisi ya Bwana DC mpaka karani akamzoea kama fanicha.

Kila mtu alikuwa na furaha kwenye mkutano wa Jumamosi ile, isipokuwa Syombua, mdogo wake Mwongeli. Tangu gunia la kwanza lijae alikuwa akilitazama na kujiambia kwamba Mchungaji ataona mwenyewe, au Mbaluka, nyapara wa mkonge aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya safari, ataona. Hakuna aliyeona. Sasa Mbaluka alikuwa anauliza kama kuna mwenye neno kabla ya kufunga kwa sala.

Syombua akasimama, akasema ana kitendawili.

Watu wakacheka, maana walimjua. Ukienda kwake kuomba moto, unategewa kimoja kwanza ndipo unapewa kaa. Mbaluka akatoa saa yake mfukoni akaitazama ili watu waone kwamba ameitazama.

"Haya, tega, mama. Lakini kiwe kifupi."

"Nina rafiki. Akikawia, nakufa. Akinijia kwa pupa, ananiua."

Mbaluka akasema ni mvua. Syombua akakubali kwamba amejitahidi, lakini siyo. Salehe, aliyekuwa ameegemea mlango, akasema ni lori lake. Mwanamke mmoja nyuma akasema huyo ni mume, hana haja ya kufikiri zaidi, na kicheko kikazunguka kanisa zima. Mwishowe wakashindwa.

"Basi nipeni mji," akasema Syombua.

Mchungaji ndiye aliyempa. Angeweza kumpa Mombasa, au Nairobi, au hata Ulaya. Akasema, "Chukua Ruiru."

Syombua alikuwa amejipanga vizuri. Angesema amekwenda huko akachinjiwa mbuzi, akalala kitanda cha chuma, kisha angetoa jibu na kuwaeleza habari ya uji kama mtu aliyeisikia mahali fulani. Lakini Ruiru. Akamtazama dada yake pale juu ya gunia. Mwongeli alikuwa bado anapangusa machozi ya kicheko.

"Nilikwenda Ruiru," akasema, "mwaka wa nzige."

Kicheko kikafifia kidogo kidogo. Akawaambia jinsi walivyokwenda, yeye na dada yake, kutafuta kazi ya kuchuma kahawa. Walikaa katika kibanda karibu na mto. Mwongeli alikuwa akitoka alfajiri kwenda shambani, na yeye Syombua, msichana wa miaka kumi na sita, akibaki na Mbuvi, mtoto wa Mwongeli, aliyekuwa na miaka mitatu. Kwa wiki nyingi mtoto huyo hakuwa ameonja kitu ila maji ya majani yaliyochemshwa. Siku moja mpishi wa mzungu akamhurumia Syombua, akampa sufuria ya mahindi na maharagwe. Syombua hakuonja hata punje. Akampa mtoto yote, akamlisha mpaka akageuza uso. Mbuvi akacheka siku ile, mara ya kwanza tangu waondoke nyumbani. Jioni tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma, na mama yake aliporudi alikuta ameshakwenda.

"Nilikuambia ni homa," akasema Syombua. "Haikuwa homa, dada. Nilimshibisha."

"Jibu ni chakula," akaendelea, sauti yake ikiwa imara kuliko alivyotarajia. "Na hao watu wa Ugogo, matumbo yao ni kama la Mbuvi. Tukiwapikia muthokoi na maharagwe siku ya kwanza, siku ya pili tutachimba makaburi. Wanataka uji mwembamba, kidogo kidogo, siku nyingi."

Mwongeli akashuka juu ya gunia, akapangusa gauni lake, akatoka nje.

Mbaluka ndiye aliyesema kwanza. Akauliza wanawake waliotwanga wataambiwa nini, na kama Wakamba wa Ngoliba wanataka kujulikana kwa kuwapa watu uji kama ndama. Syombua akamngoja amalize. Moyo ulikuwa unamuuma kwa ajili ya ule mlango aliopitia dada yake, lakini kuhusu uji hakuwa na shaka hata kidogo. Akamweleza kwamba hakuna gunia litakalopotea. Muthokoi hauna maganda. Ukisagwa unatoa unga laini, na uji wake unateremka kama maziwa. Kazi ya wanawake ndiyo itakayowaokoa wale watu. Maharagwe yabebwe peke yake, yangoje mpaka matumbo yazoee. Salehe akasema Ruiru kuna mashine ya kusaga, ya Ndung'u, na lori lake litakwenda na kurudi siku moja.

Mbaluka akakubali yasagwe magunia manne.

"Manane," akasema Syombua.

"Sita."

"Manane, nyapara. Hatuko sokoni."

Jumatatu wakayapakia. Kwenye kizuizi cha barabarani askari waliyachoma choma magunia kwa fimbo, wakayaruhusu. Walipofika kwa Ndung'u, Syombua alishuka akakuta Mwongeli ameshatangulia, ameketi kwenye ngazi ya mashine na chekeche mapajani. Mchungaji akamsalimu, akaitikia. Syombua akamsalimu, Mwongeli akainamia chekeche lake.

Kila gunia lililotoka lilipita mikononi mwake. Chenga zilizobaki akazirudisha kwa Ndung'u. Ndung'u akalalamika kwamba huo ni unga wa kupikia hata harusi, anataka nini zaidi.

"Saga tena," akasema Mwongeli.

Mpaka adhuhuri hayo ndiyo maneno yake yote. Saga tena. Nywele zake zilikuwa zimekuwa nyeupe kwa unga. Mashine ilipozimwa ili ipoe, akafungua kitambaa chenye kiazi kitamu, akakivunja vipande viwili, akamnyooshea mdogo wake kimoja huku akitazama mtoni.

"Ulisema alicheka."

"Alicheka, dada."

"Alichekaje?"

Syombua akafikiri. "Kwa mabega. Kama baba yetu."

Mwongeli akatikisa kichwa polepole, akala kiazi chake mpaka kikaisha. Kisha akamwita Mchungaji, akamwambia afute jina la Mwongeli kwenye karatasi za safari, aandike la Syombua. Mchungaji akakumbuka lile benchi la DC, akauliza kwa upole kwa nini, ikiwa yeye ndiye mpishi bora wa kanisa.

"Ndiyo sababu," akasema Mwongeli. "Mimi mtoto akinililia nitamwongezea. Aende mtu anayekiogopa chakula."

Mchungaji akarudi kwenye benchi. Karani, alipomwona, alimsogezea na mto wa kukalia.

Alhamisi asubuhi lori lilikuwa limesimama mbele ya kanisa, unga chini, maharagwe juu, Salehe akipuliza vumbi kwenye kioo. Mbaluka alikuwa akimweleza kila mpita njia jinsi kamati ilivyoamua mapema kabisa habari ya uji. Syombua alipokwisha kupanda, Mwongeli akaja na kata ndogo, kipande cha kibuyu kinachotosha kiganjani, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Siku ya kwanza, hii moja asubuhi, moja adhuhuri, moja jioni. Wakilia?"

"Ni hii hii."

"Akikulilia mtoto wa miaka mitatu?"

Syombua akaishika ile kata kifuani. "Ni hii hii, dada."

Lori likaanza kutetemeka. Mwongeli, ambaye maisha yake yote aliona vitendawili ni kazi ya watu wasio na shamba, akatembea kando yake hatua chache akiwa ameshika ubao.

"Ukirudi utanitegea kingine," akasema. "Chepesi."