Ua la Jioni

Mpima macho alikuwa mtu wa heshima zake. Dukani hakuwahi kumpandishia mteja sauti. Ila saa ya chakula alijifungia kwenye chumba cha lenzi, akacheza karata za poka simuni na watu asiowajua, na huko mdomo wake haukuwa na breki. Wiki ile alifungwa mara tatu mfululizo na mchezaji aliyejiita Ua la Jioni, aliyecheza taratibu na kumsalimia kila anayeketi mezani. Damu ikamchemka, akamwandikia: "Kikongwe wewe, huna wa kuzungumza naye nyumbani? Kazeeke kimya."

Jumamosi asubuhi mama mkwe wake akaja dukani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Macho yamenigomea. Maandishi ya simu siyaoni kabisa."

Akamkalisha kitini, akamvisha fremu ya majaribio, akamwomba afungue kitu anachokisoma kila siku. Mama akaangua kicheko cha aibu.

"Usimwambie mkeo. Tangu mzee afariki, nyumba imenyamaza mno. Huku napata wa kusalimiana nao."

Akamgeuzia simu. Meza ya kijani, karata, na jina pembeni: Ua la Jioni.

"Huyu kaniandikia juzi. Herufi zote zimevurugika. Hebu nisomee."

Masikio yalimwaka moto. "Anasema... umecheza vizuri, mama."

"Kumbe muungwana! Mjibu, mwambie ahsante, Mungu ambariki."

Akaandika kwenye simu ya mama. Papo hapo simu yake mwenyewe ikalia mfukoni.

"Hupokei?" mama akauliza.

Alitamani ardhi ipasuke immeze. "Mama, nimekudanganya. Ni tusi. Na aliyeliandika ni mimi."

Akamsomea lote, neno kwa neno, bila kuinua uso. Mama akaivua fremu, akaiweka mezani polepole.

"Huna wa kuzungumza naye," alirudia. "Hapo hukukosea."

Akaagiza miwani ya kusomea, akalipa bei kamili kama mteja yeyote, akaondoka.

Kesho yake mpima macho alikwenda nyumbani kwa mama bila kumwambia mkewe. Akabisha hodi mara mbili. Nyayo zikaja hadi mlangoni, zikasimama. Akangoja, kichwa chini. Hatimaye mlango ukafunguliwa. Mama hakumwita mwanangu.

"Karibu," alisema, kama mtu anayempokea mgeni.