Ukurasa wa Mazishi ya Muriuki

Muriuki alifia Australia, na mkewe akaamua azikwe hukohuko, karibu na watoto. Mamake, Wamucii, muuza nguo mjini Kisumu, hakupata viza. Ibada ingeonyeshwa moja kwa moja kwenye tovuti ya kanisa la huko, saa tatu asubuhi kwa saa za Kenya. Basi Bildad, kakake Wamucii, akamwita Nangila, fundi wa kompyuta kutoka Otonglo, aje kuunganisha kompyuta na televisheni nyumbani kwao Nyamasaria.

Majirani walijaa sebuleni. Saa tatu ikafika. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, kisha ukaandika kwamba hauwezi kufunguka. Nangila akakagua anwani herufi kwa herufi. Akazima ruta, akaiwasha. Akajaribu tovuti za magazeti, zikafunguka mara moja. Hapo akaridhika.

"Mama, shida iko kwao, si hapa," alimwambia Wamucii. "Tungoje warekebishe."

Wakangoja. Mtu akaanzisha wimbo, ukaisha, akaanzisha mwingine. Saa nne kasorobo mke wa Muriuki akampigia Bildad simu, akitaka kujua kama mama ameona. Alisema jamaa wa Nairobi walikuwa wakitazama tangu mwanzo.

Nangila akaiacha kompyuta. Akatoa simu yake, akajiondoa kwenye wifi ya nyumba, akatumia bando lake mwenyewe la intaneti. Ukurasa ukafunguka papo hapo. Ni ruta ya nyumba ile tu iliyoshindwa kuipata tovuti hiyo moja, na angeligundua hilo kwa dakika moja kama angejaribu kwa simu mapema.

Akamwekea Wamucii simu mkononi. Kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Watu walielekea kwenye magari, na mwanamume mmoja alikuwa akikunja viti.

"Nisamehe, Mama."

Wamucii hakuinua macho. Aliuliza kama yule mtoto wa koti jekundu ndiye mjukuu aliyepewa jina lake yeye, Wamucii. Hakuna aliyejua. Mara picha ikakatika.

Siku tatu baadaye kanisa lilituma video yote. Nangila aliipeleka mwenyewe Nyamasaria, bila kuitwa. Wamucii alimkaribisha, akampa chai, lakini hakutaka kuitazama.

"Nilitaka kuwa naye wakati wanamshusha," alisema. "Sasa ameshashushwa."

Nangila alikunywa chai yake, akamwachia Bildad video, akarudi Otonglo.