Nusu Kikombe cha Unga

Mshale wa mizani ulitikisika, ukasimama palepale uliposimama mwezi uliopita: kilo saba. Nyamizi, mtoto wa mwaka mmoja na nusu, alining'inia kimya, hana hata nguvu ya kulia.

Nesi Judica alikuwa amehamia zahanati ya Sapiwi kutoka Same, na kina mama walimpenda kwa upole wake. Asubuhi hiyo upole ulimwisha. Mbele ya mabenchi yaliyojaa wanawake, alimuuliza Ng'washi, bibi wa mtoto, unga wa lishe anampa nani. Bibi akasema alifuata karatasi ya vipimo aliyopewa na nesi mwenyewe. Judica akamjibu kwamba karatasi haidanganyi. Ng'washi alimfunga mjukuu mgongoni, akaondoka bila kuaga.

Jioni Judica aliazima mizani ya jikoni kwa jirani aliyeuza maandazi, akaenda kwa Ng'washi. Alijiambia anakwenda kusaidia. Moyoni alikwenda kumkamata.

Bibi alimpokea vizuri, akamwekea kigoda. Alipoombwa kupima kama apimavyo kila siku, alichota unga wa mtama, akaukwangua kwa kisu hadi mstari wa nusu kikombe, akaumimina juu ya mizani. Gramu sitini na tano.

Mwongozo wa lishe wa zahanati ulitaka gramu mia moja ishirini na tano.

Judica akaupima tena mwenyewe mara tatu. Akapima nusu kikombe cha mtama usiosagwa: mia moja. Akapima maji, na hapo mizani ikasoma mia moja ishirini na tano barabara. Ile karatasi aliiandika kwa mkono wake. Kina mama hawakuwa na mizani, naye akageuza gramu kuwa vikombe kwa uzito wa maji, kana kwamba kila kijazacho kikombe huwa na uzito mmoja. Akagawa nakala kumi na mbili.

"Mayu," alisema, kwa neno ambalo wenyeji humwitia mama, "kosa ni langu. Unga ni mwepesi kuliko maji. Miezi mitatu nimemnyima mtoto nusu ya chakula chake."

Ng'washi alimtazama Nyamizi aliyelala mkekani.

"Alikuwa akililia zaidi," alisema. "Nikamwambia, nesi amekataza."

Judica aliomba radhi. Bibi hakumkatalia wala hakumkubalia. Alisema tu kwamba yeye alisemwa mbele za watu, na hili nalo likasemwe mbele za watu.

Siku tatu mfululizo Judica alizunguka kwa bodaboda akisahihisha karatasi. Mbali na ya Ng'washi, nyumba kumi alizikuta na watu. Ya kumi na mbili ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Siku ya kliniki alisimama mbele ya mabenchi, akamwomba Ng'washi atafsiri kwa Kisukuma, asibaki asiyeelewa. Alieleza yote bila kujitetea. Sauti ya bibi ilifuata yake, neno kwa neno, bila kuongeza chumvi.

Alipomaliza, mwanamke mmoja alisimama nyuma. Alikuwa Wilhelmina, mwenye ile nyumba ya kufuli. Mwanawe alizikwa wiki mbili zilizopita. Watu walisema ni homa. Mkononi alishika karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mimi nilikuwa napima hivyohivyo," alisema.

Judica alikwenda hadi nyuma, akaipokea ile karatasi.