Sikio la Kushoto la Nilzete

Sikio la kushoto la Nilzete lilikufa Jumanne asubuhi, kati ya kuamka na kuvaa viatu. Hakusikia maumivu. Kitu kilizima tu upande huo, na mahali pa sauti pakabaki mngurumo mdogo kama wa friji kuukuu. Alitingisha kichwa, akaruka kwa mguu mmoja kama mtu aliyeingiwa na maji, kisha akaondoka kwenda kazini. Alikuwa keshia kwenye duka la mikate karibu na stesheni ya Itaquera, mashariki mwa São Paulo, na foleni ya asubuhi haina subira.

Jioni mama yake, Dona Erotides, alimlaza ubavu kwenye kochi akamdondoshea mafuta ya moto. Alisema ni uchafu tu umeganda, utayeyuka wenyewe. Nilzete aliipokea tafsiri hiyo kwa mikono miwili, kwa sababu alikuwa na siku kumi na mbili tu kabla ya ile Jumapili.

Huu ulikuwa mwaka wake wa kumi na moja akipiga santuri za dramu na besi, ngoma zile za mbio zilizotoka Uingereza ambazo watu wa huku walizichukua wakazitia gitaa na matari ya samba mpaka zikawa zao. Walipiga wawili, yeye na Odair, fundi wa umeme aliyesoma naye tangu darasa la kwanza. Wakati wote huo walikuwa wakirekodi miksi nyumbani na kuzigawa kwa marafiki kwenye kaseti. Sasa redio moja ya mjini ilikuwa imekubali kurusha miksi yao ya saa mbili, saa moja kila mmoja, irekodiwe moja kwa moja kwenye disko la mchana la Jumapili, mbele ya watu.

Usiku ule ule alijaribu. Aliweka santuri kwenye kila moja ya mashine zake mbili, akavaa hedifoni sikio la kulia kama siku zote, la kushoto akaliacha wazi. Kazi yote ilikuwa hapo: sikio moja linasikiliza wimbo unaokuja, jingine linasikiliza ule ambao watu wanaucheza, na mkono unaharakisha au unachelewesha santuri mpaka nyimbo mbili zikimbie kwa miguu ileile. Wimbo unaokuja aliusikia vizuri. Ule wa kwenye spika ulikuwa haupo. Alihamishia hedifoni kushoto, basi ikawa kama amevaa chungu. Akajaribu kuzisikiliza nyimbo zote mbili kwa pamoja kwenye sikio lile zima, lakini ngoma zilirundikana juu ya ngoma, hata asijue ipi imetangulia na ipi imechelewa. Akaziunganisha kwa kubahatisha. Zilikwenda pamoja sekunde nne, halafu zikaanza kukanyagana.

Alifanya hivyo kila siku baada ya kazi. Alijaribu kuhesabu kwa mdomo, kuweka kidole juu ya santuri ili ahisi mtikisiko, kuinua hedifoni na kuirudisha haraka haraka. Odair alipopiga simu kuuliza kwa nini haji wafanye mazoezi, alimwambia ana mafua. Alipopiga tena, alimwambia mama anaumwa, na baada ya kukata simu aliona aibu, kwani mama yake alikuwa jikoni akiimba huku anachagua maharage.

Siku ya kumi alikwenda hospitali. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole. Alimfungia kwenye chumba kidogo akampigia milio, akamwambia abonyeze kitufe kila anaposikia. Upande wa kulia alibonyeza mara nyingi. Upande wa kushoto alikaa na kitufe chake mkononi, akisubiri, mpaka mlango ukafunguliwa.

"Lilianza lini?" daktari akauliza.

"Wiki iliyopita. Jumanne."

Daktari alitazama kalenda. Alieleza kwamba ni mshipa wa fahamu wa kusikia ndio umeshambuliwa, wala si uchafu. Angemwandikia vidonge, lakini vidonge hivyo hufanya kazi zaidi mtu akivianza siku za mwanzo.

"Sikukatazi kuwa na matumaini, dada," alisema. "Ila ukiniuliza mimi, jizoeze na hilo moja."

Nilzete alisema asante. Alitoka nje akapitiliza kituo chake cha basi, akapitiliza na kingine, akitembea tu huku magari ya kushoto yakimtokea ghafla bila mlio. Nyumbani alisema daktari amekubaliana na mama: uchafu.

Jumapili ilipofika ukumbi ulijaa kabla ya saa tisa alasiri. Jua lilipenya kwenye matundu ya bati, vijana na wakongwe wa ngoma hizo wakicheza wamefunga makoti viunoni. Odair alianza, na akapiga vizuri kuliko alivyowahi kupiga. Mara mbili alimwita Nilzete kutoka upande wa kushoto naye hakugeuka. Odair alimtazama kwa mshangao, lakini saa yake ilikuwa imekwisha, akampisha.

Badiliko la kwanza, kutoka wimbo hadi wimbo, lilipita kwa bahati. Watu walipiga kelele za furaha na moyo wa Nilzete ukapanda. Akadhani labda mikono inajua njia yenyewe. La pili lilivunjika. Matari ya samba yaliingia nusu hatua nyuma ya ngoma, yakajikwaa, yakaanguka chini yote, na sauti ikawa kama sufuria zinazoporomoka ngazini. Mtu akapiga mluzi. Nilzete akaurudisha wimbo wa kwanza, akajaribu upya, zikagongana tena, vibaya zaidi. Kinasa sauti kilikuwa kinaendelea kuzunguka. Watu wa mbele waliacha kucheza wakawa wanamwangalia.

Odair alipanda jukwaani. "Una nini wewe? Umelewa?"

"La kushoto halisikii," Nilzete alisema. "Siku kumi na mbili sasa. Halitasikia tena."

Odair akanyoosha mkono kuchukua hedifoni, kwa upole, kama anavyonyang'anywa mtoto kisu. Nilzete aliishika kwa nguvu.

"Nipigie begani," alimwambia. "Unavyousikia kwenye spika, nipigie hivyo hivyo. Nakuomba, Odair."

Odair alisimama nyuma yake, akamwekea kiganja kwenye bega la kushoto, akaanza kupiga. Nilzete alifumba macho. Wimbo unaokuja ulikuwa sikioni, wa ukumbini ulikuwa kwenye nyama ya bega, na kati ya nyimbo hizo mbili mkono wake ukaisukuma santuri kidogo, kidogo tena, mpaka zikakaa. Gitaa likaingia juu ya besi bila mshono. Ukumbi ukainuka. Alifanya hivyo mara ya pili, na machozi yakawa yanamtiririka bila yeye kuyashughulikia.

Mara ya tatu mtu wa mitambo alimwita Odair, naye akageuza kichwa. Kiganja kilisita mapigo mawili tu. Nyimbo zikaachana papo hapo, na Nilzete akajua kabla hajafumbua macho. Hakujaribu kuzirudisha. Alizima moja, akauacha mwingine uishe peke yake, akavua hedifoni akamvisha Odair.

Redio ilirusha saa moja badala ya mbili, ile ya Odair. Odair alikuja kwa Nilzete kabla ya siku ya kurushwa kumwambia, akasema wanaweza kufanya mazoezi ya ile ya begani, wakazoea. Walijaribu Jumamosi tatu. Ya nne Odair alisema taratibu, akitazama chini, kwamba hawezi kuwa sikio la mtu maisha yake yote, na Nilzete alimjibu kwamba anajua.

Vidonge viliisha, sikio likabaki vile vile. Jioni hiyo, wakiwa mezani, alimweleza mama yake ukweli, tangu Jumanne ile mpaka maneno ya daktari. Dona Erotides aliweka kijiko chini. Alianza kusema kitu juu ya yale mafuta, akashindwa. Kisha akasimama, akachukua sahani yake, glasi yake na kiti chake, akazunguka meza polepole akaenda kukaa upande wa kulia wa Nilzete.